Siku Mbuzi Alipovaa Kofia ya Chui

Chisanga alikuwa anafunga mdomo wa gunia la makala aliposikia watu wanapiga kelele upande wa kwa Mama Huguette. Hakukimbia mara moja. Tangu moto umchukulie mke, kelele za namna ile zilikuwa zinamkata miguu kwanza, ndipo zimpe mbio. Alisimama, akatazama juu ya mabati ya mtaa wa Hewa Bora. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, unapanda kwa kujikunja. Haukuwa ule mweupe wa majani ambayo watu huchoma wakati wa kiangazi. Ulikuwa moshi wa sponji. Mama Huguette alikuwa fundi wa makochi na magodoro, na nyumba yake ilijaa sponji toka sebuleni mpaka darini.

“Na Muzee Numbi?” mwanamke mmoja aliuliza barabarani, beseni kichwani. “Nani alimutosha inje Muzee Numbi?”

Hapo ndipo Chisanga alipokimbia.

Mzee Numbi alikuwa kaka yake Mama Huguette, mfanyakazi wa zamani wa reli, mtu wa maneno mengi na miguu iliyokufa. Alilala chumba cha nyuma. Dirisha lake lilikuwa na vyuma vya kuzuia wezi, kama madirisha yote ya mji huu, ambamo watu wanaogopa mwizi kuliko moto. Dada yake alikuwa ameenda soko la mtaa wa Kenya, mjini humohumo, kutafuta vitambaa. Alipofika uani, Chisanga alimsikia mzee anagonga vile vyuma kwa kikombe cha bati, ko, ko, ko, polepole, kama mtu anayeita chai.

Majirani walikuwa wanatupa mchanga na maji ya mabeseni kwenye mlango wa mbele. Moto haukuwajali. Kisha king’ora kikasikika, umati ukapasuka katikati, na gari la zimamoto likaingia. Aliyeshuka wa kwanza, kofia ya chuma kichwani, glavu mkononi, tumbo mbele, alikuwa Komanda Jeannot Mwila.

Chisanga alihisi ulimi wake unakuwa mchungu kama aliyetafuna kwinini.

Watu wote wa mitaa ile walijua kwamba wale wawili walikuwa banungwe, yaani watani. Chisanga alikuwa Mwina Mbushi, mtu wa ukoo wa mbuzi. Komanda alikuwa Mwina Ngo, mtu wa ukoo wa chui. Tangu mababu, watu wa koo hizo mbili wanatukanana kwa mchezo. Munungwe wako anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, anaweza kuingia kwako akabeba sufuria ya bukari, ugali wako, ikiwa bado motoni, na wewe huna ruhusa ya kukasirika wala kumpeleka polisi. Unacheka, unangoja zamu yako. Ni desturi nzuri. Imezima ugomvi mwingi. Lakini mtu mwovu akiipata, anajificha ndani yake kama nyoka ndani ya blanketi.

Maana Virginie, mke wa Chisanga, alikufa ndani ya moto mbele ya macho ya Komanda huyohuyo. Wakati ule waliishi mtaa wa Kenya, katika nyumba ya kupanga, na Virginie alikuwa anauza samaki wakavu wa kutoka kwao Pweto. Waya za umeme zilianza kuungua darini mchana mmoja. Wazimamoto walifika, na Komanda akanyoosha mikono: mtu yeyote asiguse nyumba mpaka watu wa umeme waje kukata kurani, ule umeme wenyewe. “Banakuya,” alisema, wanakuja. “Banakuya sasa hivi.” Wanaume wake walimbana Chisanga kwenye ubavu wa gari. Virginie aliita jina la mumewe, akaita tena, akakohoa, kisha ikabaki sauti ya mabati yanayopinda. Watu wa umeme walifika moto umeshajizimia wenyewe.

Hilo lingetosha. Lakini siku ya kilio, Komanda alikuja na unifomu yake, akajilaza kwenye mkeka wa mfiwa kama desturi inavyompa haki, akapiga kelele watu wote wasikie: “We Mbuzi! Chui anakulaka nyama mbichi. Nani alikutuma uichome?” Watu walicheka. Wengine walishika midomo, lakini walicheka, kwa kuwa ni bunungwe, ni utani. Na Chisanga naye ilimbidi acheke, meno nje, na mke wake ndani ya sanduku lililofungwa kwa misumari ili mtu asione kilichomo.

Baada ya pale, kila alipomfuata kumuuliza kwa nini aliwazuia, Komanda alijibu kwa mzaha. Sokoni, mzaha. Mbele ya kanisa, mzaha. Siku moja alimfuata hadi ofisini, akamkuta na wageni, na Komanda akawaambia, “Muangalie, chakula yangu imejileta yenyewe.” Chisanga hakutaka fidia wala jela. Alitaka kitu kimoja: yule mtu afungue mdomo mbele ya watu, bila kucheka, aseme kwamba alimwacha Virginie afe. Alikuwa amekilalia kitu hicho na kuamka nacho, mpaka kikawa ndicho kilichobaki katika nyumba yake.

Na sasa Komanda alikuwa amesimama mbele ya moto mwingine, na umati wote wa Hewa Bora ulikuwepo.

“Chef, tuingie na mupira ya mayi kwa mulango wa mbele,” alisema Kaporali Caleb, msaidizi wake, mrefu, mwenye sauti nyembamba isiyolingana na mwili. “Tukipiga mayi pale, moto itarudi nyuma.”

“Irudi nyuma kwa nani?” Komanda alimkatiza. “Nyuma kuko muzee. Ukiisukuma toka mbele, unamutumia ule moto ku kitanda yake. Na angalia ile waya.” Alionyesha waya wa umeme uliolegea juu ya mlango, unarusha cheche. “Mayi na kurani. Unamukumbuka mwenzetu Hénoc, vile kurani ilimuua? Ulimuzika weye mwenyewe.”

Caleb aliinamisha kichwa.

“Basi tunafanya nini?”

“Tunalowanisha ukuta ya jirani, moto isivuke. Mayi ya gari ni kidogo. Batu ba kurani banakuya. Bakikata, tunaingia.”

Banakuya. Neno lilelile, mdomo uleule. Chisanga alisikia kitu kinafunguka kifuani mwake, kama mlango ambao ulikuwa umekwama kwa muda mrefu. Akasukuma watu, akatokea mbele.

“Eh, Chui!”

Komanda aligeuka. Sura yake ilichoka kidogo, kisha tabasamu la mazoea likaja lenyewe.

“We Mbuzi, toka hapa. Hii si fasi ya mbuzi. Utageuka mushikaki.”

Wachache walicheka.

“Ni fasi ya nani basi?” Chisanga alipaza sauti, akawageukia watu. “Bantu ba Hewa Bora, muangalie! Mulikuwa munasikia chui eko mukali? Njo huyu! Anangoja ruhusa ya batu ba kurani! Akiona moshi anaficha mukia, anaanza kumwagia mayi ukuta ya jirani kama mama mwenye kumwagilia mboga ya lengalenga!”

Kicheko kililipuka. Hata mmoja wa wazimamoto aligeuza uso. Nyuma ya nyumba, kikombe kiligonga tena, ko, ko.

“Masolo yako, ile mizaha yako, tutapiga kesho,” alisema Komanda. “Acha nitumike kazi yangu.”

“Utumike nini? Toka umefika, unatumika mudomo tu. Ukuta ya nyuma ni ya tofali mbichi. Pale ku lupango ya Guelord, ku uwanja yake ya nyuma, unaigusa na mukono. Tupige shimo, tumuvute muzee, tumalize.”

“Ni kweli!” alisema Guelord, jirani wa nyuma, ambaye tayari alikuwa na nyundo kubwa begani. “Ile ukuta hata mvua inaikula.”

Komanda aliacha kutabasamu. Akasema kwa sauti ya kazi, haraka, vidole hewani:

“Musikilize. Mule ndani moshi imejaa, na ile moshi ya sponji iko na njaa ya hewa. Sasa moto inalala kwa sababu imekosa hewa. Ukitoboa, unailisha. Chumba yote itawaka mara moja, muzee ndani, na mwenye kuwa ku shimo naye atawaka. Nimeona ile kitu. Haina mambo ya kucheka.”

“Kwa Virginie haukuipa hewa,” alisema Chisanga. “Uliifungia vizuri. Eko wapi?”

Hilo halikuwa bunungwe tena, na kila mtu alilisikia. Komanda alifungua mdomo. Kwa muda mfupi ilionekana kama atajibu kweli. Kisha macho yake yakakimbia kwa watu, yakarudi, na lile tabasamu likapanda tena.

“Mbuzi wangu, unalia sana. Kesho nitakukula na pilipili.”

Chisanga alimfikia kwa hatua moja, akanyoosha mkono, akaing’oa ile kofia ya chuma kichwani mwa Komanda, akajivika.

Mtu mwingine angepigwa virungu hapohapo. Lakini munungwe akichukua kitu cha munungwe wake, hakuna wizi. Mwenye kitu atakuja kukikomboa mwenyewe, kwa maneno yake. Wazee waliokuwepo walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele, moto unawaka, nao wanapiga vigelegele.

“Leo chui ni miye!” alipiga kelele Chisanga, na kofia ile kubwa ikamfunika nyusi. “Komanda mupya! Guelord, piga ukuta! Caleb, leta mupira kule nyuma!”

Caleb alimtazama mkubwa wake. Komanda, kipara chake kinang’aa kwa jasho, alimtazama Chisanga kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

“Chef,” Caleb alisema taratibu, “muzee hagongi tena.”

Ilikuwa kweli. Kikombe kilikuwa kimenyamaza.

Komanda akatema mate. “Sawa. Mutoboe, lakini chini, karibu na udongo. Moshi iko juu. Shimo ya mutu mumoja, isipite pale. Caleb, mupira mudomoni mwa shimo, mayi juu ya mwenye kuingia tu, usipige ku waya. Na hakuna raia anaingia. Mwenye kuingia ni miye.”

Walizunguka mbio hadi lupango ya Guelord. Nyundo ikapiga, tofali mbichi zikamwagika kama mkate mkavu. Toka kwenye shimo moshi ulianza kutoka kwa kusitasita, ukatoka, ukarudi ndani, kana kwamba nyumba inapumua. Komanda aliuona, akafumba macho kidogo. Akapiga goti. Kisha akamgeukia Chisanga, akanyoosha mkono.

“Lete kofia.”

Hakukuwa na mzaha katika sauti yake. Chisanga aliishika kofia kwa mikono miwili, akaibana kifuani.

“Sema kwanza.”

“Niseme nini?”

“Unajua. Sema mbele ya hawa bantu: nilimuacha Virginie akufe. Sema, na kofia yako hii hapa.”

“Chisanga.” Ilikuwa mara ya kwanza amwite kwa jina. “Muzee eko anakufa mule.”

“Virginie naye alikuwa anakufa. Ulikuwa na saa ya kunishikisha na bantu bane. Leo hauna saa ya kusema neno moja?”

“Mupe kofia, baba!” mtu alisema nyuma.

“Atasema!” Chisanga alijibu bila kugeuka. Alikuwa amemfikisha. Mbele ya macho yote yale, alikuwa amemfikisha mahali ambapo mzaha hauingii. Neno moja tu. Yule mtu alikuwa na jambo jepesi kuliko kuingia motoni, naye hakulifanya. Alitazama umati, akatazama vijana wake wa kazi, mdomo ukamsogea, ukafumba. Akavua koti, akavua na shati la ndani, akalichovya kwenye maji ya mpira, akalizungushia kipara chake kama mama anayefunga kilemba, akaingia shimoni kwa tumbo.

“Mayi!” Caleb alilia kwa sauti yake nyembamba. “Mayi juu yake!”

Walisikia vitu vinaburutwa. Walisikia kikohozi, kisha cha pili, kinene zaidi. Moshi wa shimoni ukabadilika rangi, ukawa wa manjano, na mbele ya nyumba watu wakapiga yowe kwa kuwa sebule yote iliwaka kwa pigo moja, vioo vikaruka. Mkono ukatokea shimoni, umeshika kona ya shuka. Guelord na wengine walivuta. Mzee Numbi akatoka, amefungwa kwenye shuka kama mtoto, uso mweusi kwa masizi, akatapika, akatukana tusi refu la Kiluba. Yu hai. Watu wakaruka.

Basi ndipo boriti ikaanguka. Waliisikia wote, na mabati juu yake. Caleb alijitupa mdomoni mwa shimo, akamshika Komanda kwapani, akamvuta. Komanda alitoka na shati lile kichwani limekuwa jekundu.

Walimlaza chini ya kamba ya nguo za mke wa Guelord. Watu wengi walikuwa wamemzunguka Mzee Numbi, wanamwagia maji, wanaimba. Chisanga alipiga magoti karibu na Komanda, kofia bado mkononi. Hakupiga magoti kwa huruma. Aliinama mpaka akanusa nyama na sponji.

“Sema sasa.”

Macho ya Komanda yalikuwa wazi, yanamtafuta mtu. Yakamwona.

“Kule kwako,” alisema polepole, “ukuta ya nyuma... ilikuwa pia ya tofali mbichi. Niliiona.” Akavuta pumzi. “Niliona, nikaogopa. Juu ya Hénoc, vile alikufa. Nikasema, bakate kurani kwanza. Nilimuacha, Chisanga.”

“Sema kwa nguvu.”

“Nilimuacha.”

“Kwa nguvu! Bantu basikie!” Chisanga alimshika kola ambayo haikuwepo, akaishia kushika ngozi. “Eh! Mukuye hapa! Munyamaze, musikie hii mutu anasema nini! Guelord! Caleb!”

Lakini wimbo ulikuwa mkubwa, wanawake walikuwa wanacheza na mabeseni, na waliogeuka walimwona mtu mmoja tu, Chisanga muuza makala, anamtikisa majeruhi.

“Acha mutu apumue, weye!” Caleb alimsukuma akaanguka kwa makalio. “Hauna roho? Ulimunyima kofia, haitoshi?”

Wakambeba Komanda kwenye mlango uliong’olewa. Mama Huguette alifika mbio kutoka sokoni, vitambaa begani, akajitupa miguuni pake, akambusu viatu. Watu wa umeme walifika baadaye, wakakata waya wa nyumba ambayo haikuwa nyumba tena.

Tangu siku hiyo, mji mzima ulisema lilelile: Komanda Mwila aliingia motoni kichwa wazi. Wakubwa walikwenda hospitalini na wapiga picha, wakamwekea maua kitandani. Kanisani padri alimtaja. Ndivyo ilivyo kwa watu wa juu. Hata woga wao ukifika kwenye midomo ya watu unageuka ushujaa. Na Chisanga? Wateja walipita mbele ya makala yake bila kusalimu. Wanawake walimwita Mwenye Kofia, wakacheka vibaya. Alipowaambia Komanda alikiri, kwa mdomo wake, walimtazama kama mlevi. “Nani alisikia?” waliuliza. “Miye,” alisema. “Weye tu?” “Miye.”

Hakujuta. Watu walingoja kuona anajuta, hawakuona. Kofia aliitundika kwenye nguzo ya kibanda chake, juu ya magunia, mahali ambapo kila mpita njia ataiona, na kila asubuhi aliifuta vumbi la makala.

Siku moja Caleb akaja, kuku mwekundu kwapani. Hakusalimu kwa mzaha wala kwa hasira.

“Yaya Chisanga, kaka yangu. Nimekuya kukomboa kofia ya chef. Familia yake imetuma huyu kuku. Njo desturi, si vile?”

“Hapana vile. Kofia inakombolewa na mwenyewe.”

“Hatembei vizuri bado.”

“Nitamungoja.”

Caleb alimweka kuku chini, akamshika miguu. Alitazama barabara, akashusha sauti.

“Yaya, kichwa yake iliumia sana. Anatambua bibi yake, anatambua batoto. Lakini ile siku ya moto haiko. Imefutika. Munganga anasema labda haitarudia. Ukimuuliza kuhusu bibi yako, sijue kama atapata kitu ya kukujibu.”

Mwanamke mmoja alisimama kununua makala, akaona nyuso zao, akaondoka.

“Na ile ya zamani?” aliuliza mwishowe. “Moto ya kule Kenya. Nayo imefutika?”

Caleb aliinamia kuku. “Ile... ile anaikumbuka. Analiaka nayo usiku, bibi yake anasema.”

“Basi chukua kuku yako, Caleb.” Chisanga alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, ikaacha michirizi myeusi. “Muende mumuambie hivi: Mbuzi anasema kofia yako iko. Haijauzwa, haijapotea. Ukuye saa ya mchana, siku ya soko, njia ikiwa imejaa bantu. Usikuye na kuku, usikuye na pombe, usikuye na masolo ya banungwe. Ukuye na mudomo yako.”

“Na kama akikataa?”

“Alikataa mbele ya moto, akapasuka kichwa. Akatae tena.”

Caleb alimbeba kuku, akaenda zake bila kuaga. Chisanga alikaa kwenye kigoda chake, akageuka kidogo, upande ule ambao mtu anayetoka hospitalini lazima apite.